Kidole Gumba cha Mzee Ouma

Ninyi vijana wa banda la boti mmenisumbua tangu nistaafu, mnataka niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla hamjazaliwa. Nimeahirisha mara nyingi kwa sababu najijua. Nikianza na boti nitafika kwa mzee Ouma, na nikifika kwa mzee Ouma sitakuwa na pa kujificha. Lakini niliahidi, basi nianze na boti.

Niliajiriwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, suti moja na wasiwasi. Suti ilichakaa. Kampuni ya chai ilikuwa na bwawa kubwa katikati ya mashamba yake, upande wa Kericho unaoelekea msitu wa Mau, na ndani ya bwawa kisiwa kidogo chenye miti ya blugamu. Kila msimu wa jua, kuanzia Desemba hadi mvua ndefu za Machi, wageni walikuja kutoka Nairobi na kutoka ng'ambo, ambako miezi hiyo ni ya baridi kali. Walivua trauti, wakazungushwa kwa boti, wakala chakula cha mchana kisiwani. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Mzungu. Alipoondoka, ikaonekana ni vizuri aje Mwafrika mwenye digrii. Hakuna aliyeuliza kama Mwafrika huyo anajua kuogelea. Mimi ni Mkipsigis wa Merigi. Kwetu tulikuwa na ng'ombe. Samaki tulimhesabu kama jamaa wa nyoka, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyazoea yalikuwa ya pipa la mama.

Siku ya kwanza nilifika gatini saa moja kasorobo asubuhi, ingawa niliambiwa saa mbili. Nilikuta mzee mfupi mwenye mabega mapana akipaka lami chini ya boti iliyopinduliwa. Huyo ndiye Ouma, mwendesha boti, mtu wa upande wa ziwa. Alikuja kwanza kufanya kazi kiwandani, lakini ilipojulikana kwamba amezaliwa kando ya maji na kukulia ndani ya mitumbwi, akaletwa bwawani. Hakunyanyuka.

"Wewe ndiye digrii?"

"Ndiyo, mzee."

"Digrii ya maji?"

"Ya jiografia."

"Hiyo ni ya kujua maji iko wapi." Akanyoosha brashi yake kuelekea bwawani. "Iko pale. Sasa vua viatu tuanze kazi."

Chelangat, mama aliyepikia wageni, alikuwa akiosha sufuria karibu na banda. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Mzee, usimzamishe leo," akasema. "Mwache kwanza aonje chakula yangu, asiende bila kitu ndani ya tumbo."

Wengine waliniita bwana Kirui, lakini kuanzia siku hiyo Ouma aliniita Japuonj, yaani mwalimu katika lugha yake. Nilikesha wiki nzima nikijiuliza kama ni heshima au ni dhihaka. Nadhani vilikuwa vyote viwili, na baada ya miezi michache dhihaka ilipungua. Akiwa amefurahi aliniita mwanangu. Alikuwa na binti mmoja tu, Akinyi, aliyesoma kidato cha pili. Mtoto wa kiume hakuwa naye.

Alinifundisha mambo ambayo baadhi yenu mnayafanya hadi leo bila kujua yametoka wapi. Ufa wa boti usizibwe siku boti inapotolewa majini. Subiri mbao zikauke siku mbili, kisha sindilia pamba kwa patasi butu ndipo upake lami. Mgeni mnene akae katikati, na usimwambie sababu. Kabla ya kuondoka gatini, watazame wageni wote machoni na uwaambie kwamba hakuna kusimama ndani ya boti, hata kama nyuki ameingia kwenye shati. Mgeni anaporusha mshipi, wewe tazama nyuma yake, kwa sababu ndoano hupita nyuma kabla ya kwenda mbele. Katika msimu wangu wa kwanza nilitoa ndoano kwenye masikio matatu, moja likiwa langu. Usiivute ilikoingilia. Isukume mbele mpaka ncha itokeze, kata ncha kwa koleo, kisha irudishe. Na koleo lisionekane mpaka mgeni awe ameangalia pembeni.

Zile ndoano zenyewe, zilizofungwa manyoya ili zifanane na wadudu, Ouma hakuwahi kuziheshimu. "Mtu anasoma mpaka anamaliza shule zote za Ulaya," alisema, "halafu anakuja hapa kudanganya samaki na mkia wa kuku."

Lakini jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa juu ya mvua ya mawe. Ninyi mnaijua. Asubuhi mbingu ni safi kabisa, mchana upepo wa baridi unashuka kutoka msituni, na kufumba na kufumbua majani ya chai yamechanika yote. Ouma hakutazama mawingu sana. Alitazama mlimani, wachumaji wa chai walipokuwa. Akina mama hao walilipwa kwa kilo. Mtu anayelipwa kwa kilo haachi mstari wake kwa mchezo, na hafuniki kikapu chake cha mgongoni bila sababu. Wakianza kufunika, Ouma alirudisha boti, hata awe nani ndani yake. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu pale aliijua: kwenye maji, neno la mwisho ni la mwenye makasia. Hata meneja alipanda na kushuka kwa neno lake.

Mimi nilikuwa na daftari. Sikuweza kulala bila kuandika kitu, hivyo nikaandika saa ya kila mvua ya mawe iliyonyesha bwawani, siku kwa siku, misimu mitatu. Nilichora na jedwali. Nililipenda daftari lile kwa sababu lilikuwa kitu pekee katika kazi hiyo ambacho Ouma hakukijua kuliko mimi.

Ilikuwa Februari ya msimu wa tatu. Meneja aliniita asubuhi akaniambia kwamba wageni wa siku hiyo ni mkubwa mmoja kutoka makao makuu ng'ambo pamoja na mkewe, na kwamba mkubwa huyo amezunguka mito yote ya huku bila kupata samaki hata mmoja. "Leo apate," akasema. Hakusema zaidi. Mtu mwingine angeitikia na kwenda zake. Mimi nilitoka mle ofisini nikijiuliza asipopata itakuwaje, nani atasema nini, na kama ile "leo" haikuwa na kitisho ndani yake.

Asubuhi nzima hakupata kitu. Tukala kisiwani, Chelangat alikuwa ametufungia kuku na viazi. Baada ya chakula samaki wakaanza kuruka. Mgeni akasimama ukingoni, akarusha, na mara trauti mkubwa akamkatia mshipi. Mtu mzima yule alirukaruka kama mtoto. Ouma alikuwa ameketi karibu na boti akitazama mlimani.

"Japuonj, turudi."

Nilitazama saa yangu, kisha daftari. Ilikuwa inakaribia saa nane. Katika misimu mitatu mvua ya mawe haikuwahi kuanza kabla ya saa tisa.

"Bado mapema, mzee."

"Akina mama wanafunika vikapu."

Nilitazama. Wawili au watatu walikuwa wanafunika. Wengine walikuwa bado wameinama. Nikajiambia kwamba watatu si ushahidi. Nikajiambia pia kwamba siku moja lazima Ouma akosee, na kwamba pengine ni leo.

Baada ya muda upepo ukageuka. "Turudi, mwanangu," akasema tena. "Hiyo kitabu yako imeandika ya jana. Mimi naangalia ya leo."

Mgeni aliuliza kwa Kiingereza mzee anasema nini. Nikamjibu kwamba anasema samaki wamesogea karibu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ninajua: nilitaka afurahi. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuzoea njia hiyo kabla sijaihitaji kwa jambo kubwa zaidi.

Mara ya tatu Ouma alinyanyuka akanijia na makasia yote mawili mkononi, akasema polepole ili wageni wasishtuke. "Nimesema turudi. Kwa maji, mwenye makasia ndiye anasema."

"Na mimi ndiye mkubwa wako kazini," nikajibu. "Hii ni amri, mzee. Nusu saa."

Sikuwa nimewahi kutumia neno hilo. Sauti yangu ilitoka nyembamba, kama ya kiranja wa darasa la saba. Ouma alinitazama, akaweka makasia chini, akaenda kuketi. Mgeni akapata samaki wake. Alikuwa samaki mzuri kweli; sitaongeza uongo mwingine juu ya ule niliokwisha kuufanya.

Mvua ilitukuta katikati ya maji. Mawe yalianguka mpaka miguu yetu ikafunikwa na barafu ndani ya boti, na Ouma akapiga makasia huku kichwa chake kikivuja damu. Maboya ya kuvaa tulikuwa nayo manne, ya kututosha sote, lakini tulikuwa tumeyakalia kwa sababu ubao ulikuwa na unyevu. Boya si mto wa kukalia. Nimewaambia hivyo mpaka mkanicheka, na sasa mnajua. Mgeni akasimama ili amfunike mkewe na koti. Asubuhi ile, kwa kuhangaika na samaki, sikuwa nimewaonya wasisimame. Boti ikapinduka.

Ouma alimpata mama yule kwanza, akamshikiza kwenye boti. Mgeni alijua kuogelea. Mimi nilimkamata Ouma shingoni kwa mikono miwili.

"Shika boti, Japuonj! Usinishike mimi, shika boti!"

Sikumwachia. Akaniuma mkono, nikaachia, na kabla sijazama akanishika ukosi na kunibandika kwenye mbao. Kisha akaisukuma ile boti iliyopinduka kwa miguu yake, sote watatu tukiwa tumening'inia, mpaka tukakanyaga tope. Mama alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa. Chelangat alikuja mbio na mablanketi, akamfunika mgeni, akamfunika mkewe, akanifunika mimi, na blanketi la nne likakosekana kwa Ouma.

Siku ya pili yake meneja alitaka maelezo mawili yaliyoandikwa: yangu na ya mwendesha boti. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mkubwa wake wa kazi, akasomewa kwa Kiswahili, kisha akaweka kidole gumba. Ndivyo ilivyofanywa mashamba yote, na hakuna aliyeona kasoro.

Ouma aliketi mbele ya meza yangu na bendeji kichwani. Alieleza vizuri, bila hasira. "Andika nilikuambia turudi. Andika ulisema nusu saa. Usiandike vibaya sana, wewe bado kijana, watakugombeza tu. Andika hukujua."

Nilishika kalamu. Nilifikiri juu ya mama yangu na ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya masomo yangu. Nilifikiri kwamba mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, na nikianguka watasema wote hatuwezi. Hoja hiyo ilinipendeza sana. Iliufanya woga wangu ufanane na uzalendo. Nilifikiri kwamba Ouma ana miaka mingi kazini, watampa onyo tu, na onyo kwa mzee si kitu. Nilipiga hesabu ile kutoka kila upande, na kila upande lilitoka jibu nililolitaka.

Nikaandika kwa Kiingereza kwamba yeye, Ouma, kama mwendesha boti, ndiye mwenye neno la mwisho majini; kwamba aliiona hali ya hewa kuwa nzuri; na kwamba aliamua wabaki. Kisha nikaishika karatasi ileile nikamsomea kwa Kiswahili: nilimwambia bwana Kirui turudi, bwana Kirui akasema nusu saa, hakujua. Nilisoma bila kukwama. Nilifuatisha hata mistari kwa kidole.

"Ni sawa," akasema. "Umeandika vizuri." Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka chini ya maneno yangu, akaenda kukifuta kwenye nyasi.

Hawakumpa onyo. Walimfukuza, naye alitakiwa awe ametoka katika nyumba ya kampuni kufikia Jumamosi. Mnajua maana yake: kazi ikienda, nyumba imeenda, bustani ya sukuma imeenda, na mtoto anatolewa shuleni katikati ya muhula.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, Akinyi alikuja kwangu akiwa na sare ya shule. Alikuwa na nakala ya maelezo aliyopewa baba yake pamoja na barua ya kufukuzwa. Nilimkaribisha ndani, akakataa.

"Baba ameniambia nimsomee hii," akasema. "Anashangaa. Anasema, kama bwana Kirui aliandika ukweli, mbona nimefukuzwa?"

Nilinyoosha mkono niichukue karatasi, akairudisha nyuma.

"Nimemsomea."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimsomea vile wewe ulimsomea." Aliikunja karatasi mara mbili, tatu, hadi ikawa ndogo kama kiberiti. "Nikamwambia wakubwa wameamua tu, ndiyo tabia yao. Anakuita mtoto wake, bwana Kirui. Ameshapoteza kazi. Nikimsomea yenyewe, arudi nyumbani na nini?"

Nilimwambia kwamba kesho asubuhi nitakwenda kwa meneja nirekebishe kila kitu. Niliapa. Alinitazama kama alivyonitazama baba yake kule kisiwani.

"Nenda basi," akasema. "Bado kuna kesho."

Usiku ule niliandika maelezo mapya, kurasa mbili, ukweli wote. Asubuhi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja kabla ya karani kufungua. Niliitwa. Niliingia. Karatasi zilikuwa ndani ya koti, nikizisikia kifuani kila nilipovuta pumzi. Meneja alinyanyua macho, akaniuliza nataka nini.

Nikaomba makasia mapya.

Akasema sawa, peleka orodha stoo. Nikamshukuru, nikatoka.

Jumamosi lori la kiwanda lilimchukua mzee na vitu vyake mpaka stendi. Nilikwenda kubeba mizigo, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Ouma alinishika mkono kwa mikono yake miwili, ule mkono aliouuma, akaugeuza kuona kama umepona. "Boti ndogo inavuja kushoto," akaniambia. "Usikimbilie lami. Kausha kwanza." Akinyi alikuwa ameshapanda juu ya magodoro. Alitazama upande wa barabara mpaka lori likapinda.

Makasia yaliletwa. Yalikuwa mazuri, mepesi, na yalidumu hadi miaka ya sabini ilipokuwa inaisha. Nilijifunza kuogelea. Nililichoma daftari, nikaanza kutazama vikapu vya akina mama kama ninyi mnavyotazama. Miaka miwili baada ya mzee kuondoka nilipata ujasiri wa kupanda basi hadi upande wa ziwa kumtafuta. Nilionyeshwa boma. Akinyi alitoka nje peke yake, akaniambia baba yake alifariki baada ya mvua zilizopita. Niliuliza kama aliwahi kujua.

"Hapana," akasema. "Alikuwa anasifu Kiingereza chako."

Hakunikaribisha, na alifanya sawa.

Mwaka huo ndipo nilipoanzisha ile sheria mnayoijua nyote: mfanyakazi akiandikiwa maelezo, anayemsomea asiwe yule aliyeandika. Ilienea mashamba mengine. Mliponiaga, kijana mmoja wenu alisimama akasema niliiweka kwa sababu niliwajali wadogo, na nyote mkapiga makofi. Nilikaa pale na sahani ya keki mapajani. Hiyo ni mara ya pili nimekaa na ukweli ndani ya koti.

Wiki yangu ya mwisho nilishuka stoo ya mafaili kuomba faili la ajali ile, nikiwa nimekusudia kuandika chini ya kile kidole kwamba maneno yaliyo juu ni yangu. Karani alitafuta kwa uungwana, akarudi akisema kwamba mafaili yote ya miaka hiyo yalichomwa zamani kupisha mapya. Alidhani ananipa habari ya kawaida.

Basi hakuna mahali pengine popote palipoandikwa, na ninaandika hapa kwa Kiswahili ili asiwepo wa kumtafsiria mtu. Mzee Ouma alisema turudi. Alisema mara tatu.